Vigwe Vyekundu vya Duarani

Nchi ya Duarani haina kona. Ukitaka kumvizia mtu huko utaumbuka, maana hakuna pa kujibanza. Kila njia imepinda, na ukiifuata kwa uaminifu inakurudisha mlangoni kwako, ndiyo sababu wambea wa Duarani huletewa habari zao wenyewe, zimenona, kabla hawajamaliza kuzisimulia. Imezungukwa na Ukuta Mwangavu, mnene kama uji ulioganda, laini kwa macho na mgumu kwa kichwa, ukuta ambao mwanga unapita, maji yanavuja kidogo, lakini chakula hakipiti, na malalamiko ndiyo kabisa. Tena nchi yenyewe haikai mahali pamoja. Inabingirika. Inateremka taratibu ndani ya Mfereji Mrefu, ambao kuta zake zimeota vinyweleo visivyochoka kupepea, vikiisukuma nchi nzima, pamoja na ikulu yake, majiko yake, vyoo vyake na hotuba zake, kuelekea Ufuko Mwororo, kwenye udongo mwekundu, wenye joto, na chakula tele kwa yeyote atakayefika akiwa na nguvu za kuvunja ukuta na kuushika. Asiye na nguvu hizo Mfereji humwosha ukampeleka nje, na mpaka leo hakuna aliyerudi kutueleza huko nje kukoje.

Kila kitu Duarani kimetungwa kwa shanga. Sisemi mapambo; nasema milango, mapaa, ngazi, vijiko, nyundo na kichwa cha nyundo, hata uji, maana shanga zikichemshwa huliwa. Shanga zenyewe ni za aina ishirini tu, ila ukizipanga hivi unapata mlango, ukizipanga vile unapata kijiko, na ukikosea moja katikati unapata kitu kinachofanana na kijiko lakini kinamwaga mchuzi. Mama Asilia, aliyeianzisha nchi, aliijaza shanga mara moja, akafunga ukuta, akaenda zake. Hapa msomaji ataniuliza, zikiisha si waagize nyingine? Waagize wapi, na nimeshasema ukuta haupitishi kitu? Mtu wa Duarani akitaka jipya, sharti afumue la zamani.

Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, wafumuaji, na walikuwa na desturi yao. Kitu kikishamaliza kazi, mfumuaji hukifunga kigwe chekundu. Kigwe kimoja hakina neno; ni kama kumwambia mtu umezeeka. Lakini vikifungwa vinne, kimoja juu ya kingine, gunia huja. Na magunia ya Duarani si ya kushonwa. Huota yenyewe hewani, kwanza kama kipande cha ukucha, kisha kama bakuli, kisha mdomo unajifunga, ngozi mbili, moja ndani ya nyingine, likiwa limekumbatia lilichokifuata. Hayana macho, hayana mkubwa, hayasomi barua ya mtu. Hunusa vigwe, basi. Likishajifunga hubingirika lenyewe hadi kwenye Chungu Kikali, ambamo maji machachu hula uzi na kuacha shanga safi, zinang'aa, tayari kutungwa upya.

Mwenye Chungu alikuwa Bi Chachu, mwanamke mwenye vidole vilivyoungua mpaka vikazoea, na ulimi vivyo hivyo.

Sasa, zamani Duarani ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kungoja. Mama Asilia alikuwa ameacha barua za amri: fumeni mikeka ya kungojea, tungeni mabenchi ya kungojea, na pawe na watu wa kusimamia kungoja kusiharibike. Watu hao waliitwa Wahifadhi. Walikaa miaka juu ya miaka wakihakikisha kwamba hakuna kinachotokea, na kwa kweli waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko serikali nyingi. Mkuu wao alikuwa Mtukufu Shikilia, aliyekalia Kiti cha Kungojea, chenye ngazi kumi na mbili na mto juu ya mto, kiasi kwamba akitaka kukohoa ilibidi aanze kujiandaa mapema.

Halafu siku moja aliyekuwa akingojwa akafika. Mgeni alipenya ukuta kwa kichwa, ana mkia, ana majiko yake sabini mgongoni, na kwapani nusu ya ramani ya nchi itakayokuja. Jioni ile ile mkia ulifungwa vigwe, na majiko yote sabini pia, vyote vikaenda Chunguni. Hakununa. Ramani ndiyo iliyotakiwa, nayo iliungwa na nusu aliyoiacha Mama ikawa moja. Mgeni mwenyewe alichanganyika na watu, na leo ukiuliza nani ndiye Mgeni kila mmoja anajishika kifua.

Tangu hapo Duarani ikaanza kujigawa. Mtaa mmoja ukawa miwili, miwili ikawa minne, na ramani ilisema minne lazima iwe minane kabla ya kufika Ufukoni, kwa kuwa mitaa minne peke yake haina mikono ya kutosha kuvunja ukuta. Mitaa mipya ilihitaji kuta mpya, kuta zilihitaji shanga, na shanga zilikuwa zimekaa kwenye mikeka ya kungojea, mabenchi ya kungojea, barua za kungojea. Na kwenye Kiti.

Mtukufu Shikilia aliihesabu foleni hiyo kwa vidole, akaona mwisho wake uko wapi. Akafika Chunguni mwenyewe, amebebwa juu ya Kiti, maana kutembea alishakuacha, huku Karani Nukuu akitangulia na kalamu.

"Karibu, Mtukufu," alisema Bi Chachu. "Leo umetukumbuka."

"Nimekuja kuuokoa urithi wa Mama."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako."

Bi Chachu akakoroga mara mbili, kama mtu anayetafuta jibu chini ya chungu. "Mimi nafua tu, Mtukufu wangu. Watu wanaleta vilivyochoka, natoa shanga. Hata Mgeni majiko yake yalipita hapa hapa, na hakulia."

"Yule alikuwa mgeni. Hiki," Mtukufu akakipiga Kiti kofi, "ni cha Mama."

"Mama alikitunga mtu akalie akingoja. Tulichokuwa tunakingoja si kimeshakuja? Kilikupita hapo, umekaa."

Watu walicheka. Karani Nukuu, ambaye huandika kila kitu, aliandika kicheko, akamtazama bwana wake, akakifuta.

"Lete vigwe vyote," alisema Mtukufu. "Tangu leo hakuna kufunga wala kufumua. Atakayeonekana na kigwe atanieleza."

Bi Chachu akaingia ndani, akatoka na vikapu saba, akavipanga miguuni pa Kiti. "Chukua. Ila nakuomba jambo moja, ndugu yangu. Usiviweke karibu na unachokipenda."

"Unanitisha?"

"Ningetaka kukutisha ningenyamaza."

Mtukufu hakuishia kwenye vigwe. Juu ya ikulu ilining'inia Kengele ya Shibe, ambayo Mama aliiacha ilie nyakati za neema tu. Inapolia, magunia hulala. Yakiisikia hujua nchi imeshiba, hakuna haja ya kufumua. Mtukufu akaamuru ilie bila kukoma. Wapiga kengele wanne, wenye vifua kama milango ya ghala, wakawekwa kwa zamu, na tangu asubuhi watu wa Duarani wakawa wanaambiwa kwamba wameshiba. Wengine waliamini kwa siku mbili tatu. Mtu akiambiwa ameshiba kwa sauti kubwa kiasi kile, huona aibu kuulizia chakula.

Na vile vigwe? Hapo ndipo nisipoweza kumlaumu mtu kwa ujinga peke yake. Uroho nao ulisaidia. Mtukufu alivifungia ghalani, akaenda kuvitazama, akarudi kuvitazama tena. Vilikuwa vyekundu kweli. Akajaribu kimoja kwenye kilemba, kikampendeza. Akafunga viwili kwenye mikono ya Kiti, kisha vinne kila mguu, kisha kila ngazi ikapata shada lake, na mapazia yakashonwa kwa vigwe, na mazulia yakafumwa kwa vigwe. Mhifadhi aliyesifia hotuba alivalishwa kimoja kifuani. Aliyesifia huku analia alivalishwa vitatu. Ndani ya muda mfupi ikulu iliwaka kama jiko la mkaa, na katika mitaa minne yote usingepata kigwe hata cha kufungia nywele.

Bi Chachu alikuwa na binti yake, Zinduna, fundi wa kuta katika Mtaa wa Nne. Kuta za Zinduna zilikuwa zimefika kiunoni zikasimama hapo. Mafundi wake walikonda. Walikuwa wameanza kuegemea vitu, kisha kuegemeana, na mmoja alipokosa wa kumwegemea akakaa chini na hakuinuka kirahisi. Kwa upande wa nje, vinyweleo vya Mfereji vilianza kupungua, na kupitia Ukuta Mwangavu ulionekana kwa mbali wekundu wa Ufuko. Fundi yeyote aliyejua kazi aliweza kukisia: mizunguko mitatu tu ya nchi, nao watakuwa wamefika. Kwa mitaa minne. Kwa kuta za kiunoni. Maana yake, kuoshwa.

Siku hiyo Zinduna alienda kumwona mama yake na kukuta nyumba haina mlango. Akaingia, akakuta haina kitanda. Akatazama juu, paa limeliwa nusu. Bi Chachu alikuwa amekaa sakafuni, kigoda cha marehemu mama yake mapajani, anakifumua kwa meno.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Na kama wakikuona?"

"Waone nini? Hakuna kigwe hapa, hakuna gunia. Ni bibi na meno yake." Akatema shanga tatu kiganjani. "Shika. Kuna kikapu kule nyuma, kimejaa nusu. Huo ulikuwa mlango."

Zinduna akachuchumaa. Akazipokea zile tatu. "Utakaa wapi sasa?"

"Nitakaa kwako, ukimaliza kujenga. Kwani unadhani nakusaidia bure?"

"Hazitoshi, mama. Ukuta mmoja unataka shanga elfu. Ukifumua nyumba yote, ukafumua na hizo nguo, bado mitaa mitatu."

"Najua." Bi Chachu akakitazama kigoda, kilichobaki miguu miwili. "Mfumuaji huanza na cha kwake. Ndivyo nilivyofundishwa, nami sikuelewa, nikadhani ni maneno ya kutufanya tuonekane wema. Kumbe ni ili mtu akija kumwambia mwingine toa, awe na uso wa kusema." Akang'oa shanga nyingine kwa jino. "Nenda ukamwambie Shikilia atoe."

"Mimi?"

"Mimi meno yana kazi."

Zinduna alikwenda ikulu akiwa amebeba kile kikapu cha mlango kichwani, ili mtu asije akasema hakutoa kitu. Alipita chini ya Kengele. Wapiga kengele, ambao kazi yao ilikuwa kutangaza shibe nchi nzima, walikuwa hawajala tangu juzi. Vile vifua vya ghala vilikuwa vimebaki milango tu. Watatu walikuwa wamelala chini. Wa nne, jina lake Gombati, alikuwa ananing'inia kwenye kamba, kengele ikimpiga yeye zaidi kuliko yeye anavyoipiga.

"Kaka, umekula?" Zinduna alimwuliza.

"Nimeshiba," alisema Gombati. "Husikii?"

Ndani, Mtukufu Shikilia alimpokea kutoka juu. Ngazi kumi na mbili, mito miwili, na wekundu mpaka macho yanauma.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Binti wa mama mkali. Umeleta nini?"

"Mlango wa mama yangu."

"Mlango gani huo? Hizi ni shanga."

"Ndivyo mlango unavyokuwa ukiwa na kazi nyingine." Akakitua kikapu. "Tumebakiza mizunguko mitatu, Mtukufu. Pengine sasa miwili. Toa mikeka, toa mabenchi, tupandishe kuta za mitaa minne. Kiti kaa nacho mpaka mwisho kama unakipenda hivyo."

Mtukufu alicheka kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mpole, jambo ambalo watu husahau kulitaja. "Mwanangu, mkitoa mikeka leo, kesho mtataka mabenchi. Mkimaliza mabenchi mtatazama wapi?"

"Kwa hiyo bora tuoshwe sote, na Kiti kiwepo?"

"Bora tufike na heshima yetu."

"Tufike wapi?"

Mtukufu alifungua mdomo ajibu, na hapo hapo kengele ikanyamaza.

Gombati hakuasi, asionewe. Alilegea tu, vidole vikafunguka, akashuka kwenye kamba kama nguo inayoteleza mtini. Kwa mara ya kwanza tangu amri ile, Duarani ilisikia tumbo lake. Si tumbo moja. Ni mitaa minne ya matumbo, yote kwa pamoja, mngurumo uliozunguka nchi isiyo na kona, ukarudi ulikotoka, ukajiongeza, na magunia yakazinduka.

Yaliota kila mahali. Kucha nyembamba nyeupe angani, mamia. Yakapita juu ya Mtaa wa Kwanza bila kusimama, maana hapakuwa na kigwe. Yakapita Mtaa wa Pili, wa Tatu, wa Nne, yakinusa, yanapanuka kuwa bakuli, hayagusi mtu wala kijiko. Kisha yote kwa pamoja yakageuka upande wa ikulu.

Bi Chachu alikuwa ameliona kundi likipita juu ya paa lake bovu. Alitupa kigoda, akakimbia, kwa miguu ya mtu ambaye alikuwa hajakimbia tangu ujana. Alifika ukumbini akihema wakati mapazia yanakwenda, na mazulia yanakunjwa miguuni pa Wahifadhi, ambao walikuwa wakichanana vifua kuvua sifa zao, aliyelia sana siku zile akihangaika na vifundo vitatu.

"Shikilia!" aliita, lile neno Mtukufu limedondoka lenyewe. "Vua! Vua hicho kilemba, shuka, ruka! Hayakutaki wewe, yanataka vigwe!"

"Mwambie binti yako ayarudishe!"

"Hayana wa kuyarudisha! Achia, ndugu yangu! Achia tu mikono!"

Zinduna alishaparamia ngazi tatu, akamnyooshea mkono. Aliyekuwapo alieleza baadaye kwamba Mtukufu aliutazama mkono ule kwa muda, ulikuwa mkono mzuri, wenye sugu, ulio karibu. Kisha akaitazama mikono ya Kiti. Akaishika hiyo.

Gunia kubwa kuliko yote lilifunga mdomo taratibu, bila hasira, kama mtu anavyofunga dirisha kukiwa na baridi.

Karani Nukuu aliandika mpaka hapo, na baada ya hapo karatasi zake zinatofautiana. Moja inasema Mtukufu aliteleza chini dakika ya mwisho, akaacha joho na kilemba, na kwamba katika Mtaa wa Saba yupo mzee mwembamba, fundi wa vitasa, hodari sana, ambaye ukimwuliza jina anauliza lako. Karatasi ya pili ni tupu. Bi Chachu aliyefungua Chungu aliulizwa aliona nini, akasema aliona shanga. Za aina ngapi? Ishirini, akasema, kama za kila mtu.

Zilikuwa nyingi ajabu. Gombati ndiye aliyekunywa uji wa kwanza, na mafundi waliokaa chini wakainuliwa. Kuta zilipanda kutoka kiunoni hadi mabegani hadi kichwani, mitaa minne ikawa minane, na minane ikabanana mpaka mtu akipiga chafya Mtaa wa Kwanza, Mtaa wa Nane wanamwombea afya. Shanga za mwisho kutoka Chunguni zilikuwa za Kiti, na Zinduna alizitungia ndoano, mamia ya ndoano za kushikia udongo. Nchi ilipogonga Ufuko Mwororo, mitaa minane ilisukuma kwa bega moja, Ukuta Mwangavu ukapasuka kama ganda, na ndoano zikarushwa. Maji ya Mfereji yalikuja kwa nguvu kuwaosha. Hazikuachia. Mafundi wenyewe walishangaa. Walisema hawajawahi kuona ndoano zinazojua kushika namna ile, kana kwamba katika maisha yao yote hazijafanya kazi nyingine.

Udongo ulikuwa mwekundu, wenye joto, na chakula kikaingia bila kuomba ruhusa. Wala hakuna aliyehitaji kuambiwa ameshiba.

Kesho yake watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Zinduna, ambayo sasa ilikuwa na mlango, na ndani chumba cha mama yake. Walikuwa wamemtungia kiti. Si kikubwa, ngazi moja tu, ya kukanyagia. Wakamwomba akae awe anawaamulia mambo madogo madogo. Zinduna alikataa mara mbili, kama inavyotakiwa, akakaa. Akajinyoosha kidogo. Akakiri kwamba kilikuwa kiti kizuri, kimemkaa mgongoni vizuri kweli, na labda siku za mbele kingefaa kimto.

Bi Chachu, aliyekuwa anakula embe la nchi mpya pembeni, alifuta vidole. Akaingiza mkono kwenye nywele zake, akachomoa kigwe chekundu, ambacho hakuna aliyejua alikificha lini, akainama na kukifunga kwenye mguu wa kiti. Taratibu, kwa fundo jepesi.

"Mama," alisema Zinduna, "tumefika jana."

"Ndiyo maana kimoja," alisema Bi Chachu, akarudi kwenye embe lake.

Watu walicheka, Zinduna akacheka kuliko wote. Lakini wanasema tangu hapo haegemei.